Dume wa Mustangi: Umzalishe au Umhasi?

Vumbi, farasi wangu, alizaliwa usiku mmoja wa Mei katika zizi langu nje kidogo ya Boise, Idaho, na wala sikuwa nimepanga azaliwe. Mama yake nilimchukua majira ya baridi kutoka mazizi ya serikali yaliyoko Hines, mashariki mwa Oregon, mwendo wa kama saa tatu na nusu ukiwa unakokota trela. Wafanyakazi wa pale walinionya kwamba majike wanaoletwa kutoka nyikani mara nyingi huja na mimba. Nikasema haidhuru. Miezi mitatu baadaye nikawa na farasi wawili kwa bei ya mmoja, pamoja na swali lililonichukua miaka saba kulijibu.

Una dume wa mustangi, yaani farasi wa mwituni wa magharibi mwa Marekani, na unampenda. Umwache na udume wake, umpandishe majike, upate watoto wake? Au umhasi, ubaki naye kama farasi wa kupanda na wa kuzoeana? Wanaoniuliza hutarajia nianze na pesa. Pesa zipo na nitazitaja, ila kwangu si zilizoamua. Kilichoamua ni kama kile nilichokipenda kwake kingeweza kwenda kwa mtoto.

Alikotoka

Tarehe 15 Desemba 1971 Rais Nixon alisaini sheria ya kuwalinda farasi na punda wa mwituni. Tangu hapo mustangi walioko kwenye ardhi ya umma huko magharibi wako chini ya serikali, na wengi wao husimamiwa na ofisi ya ardhi iitwayo BLM. Wakizidi hukusanywa, huchanjwa, hupigwa alama ya baridi upande wa kushoto wa shingo kwa chuma kilichopozwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, na madume kwa kawaida huhasiwa kabla ya kugawiwa watu. Ndiyo maana dume kamili wa mustangi mikononi mwa raia ni nadra.

Aliye naye mara nyingi amempata kwa mfugaji anayeendeleza ukoo fulani, au amezaliwa kwa jike aliyechukuliwa na mimba, kama wangu. Kanuni zinasema mtoto anayezaliwa baada ya mkataba kusainiwa si farasi wa mwituni tena. Ni mali ya aliyemchukua mama. Kwa hiyo mama yake Vumbi alibaki wa serikali mwaka mzima mpaka nilipopata hati, lakini mwanawe alikuwa wangu tangu dakika ya kwanza. Shingo yake haina alama yoyote. Hilo linafurahisha mpaka siku unapotaka kuuza mtoto wake: mnunuzi anauliza ushahidi kwamba huyu ni mustangi, nawe una makaratasi ya mama na neno lako tu. Baba yake alibaki nyikani, hajulikani na mtu.

Kuishi naye

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na ndipo watu hujidanganya zaidi.

Vumbi hakuwa mkorofi. Alipofika mwaka mmoja na nusu alianza kukunja mdomo wa juu na kuuelekeza hewani kila alipokuta mkojo wa jike, na kuanzia hapo kila kitu katika boma langu kilipangwa kumzunguka yeye. Dume wa umri huo anaweza kutia mimba. Nilikuwa nimeshamtenga na mama yake kabla hajafikisha mwaka, maana farasi hajui mama ni nani msimu ukifika. Uzio nilioujenga kwa ajili ya mama, wa futi sita kama masharti ya serikali yanavyotaka kwa farasi mzima ambaye hajafugika, sikuweza kuushusha, niliuongeza mbao. Jike wa jirani akiwa kwenye joto la kutaka dume, Vumbi alitembea kando ya uzio usiku kucha hadi akachimba njia. Alikonda kila masika. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo nane za nyasi kavu kwa siku, na nyingine zilibaki chini zimekanyagwa kwa sababu mwenyewe alikuwa na kazi nyingine.

Mazizi ya kulipia hapa kwetu mengi hayapokei dume. Safari za kupanda na kikundi zilinipita. Ukimsafirisha unapanga nani asimame wapi kwenye trela. Na huwezi kumwachia mtoto wa jirani hatamu hata kwa dakika moja, hata kama dume wako ni mpole kama kondoo, kwa sababu upole huo haujapimwa mbele ya jike.

Lakini lililoniuma zaidi ni upweke. Aliyewahi kukaa Ngorongoro akatazama pundamilia anajua wanyama hawa wanavyoishi: dume mmoja, majike wachache, watoto, na pembeni kundi la makapera waliofukuzwa wakitafuta bahati yao. Mustangi ni hivyo hivyo. Huko nyikani dume huwa na familia yake, au huwa na makapera wenzake wa kusukumana nao. Dume wa nyumbani, akitengwa ili asilete balaa, anapewa maisha ambayo hakuna farasi wa porini anayeyaishi kwa hiari.

Shangazi yangu wa Pangani aliniuliza kwenye simu, "Sasa baba, huyo farasi analima au anabeba?" Nikamwambia, shangazi, huyu anazunguka uzio tu. Akacheka. "Basi huyo ni bwana harusi asiye na harusi."

Aliyehasiwa huishi na wenzake. Hukunana nao mgongo, hulala chini mchana kwa sababu kuna mwingine anayelinda. Anapandwa na mtu yeyote anayejua kupanda, anakwenda popote. Ila usidhani kisu kinafundisha adabu. Farasi aliyezoea kuuma mifuko ya watu akitafuta karoti ataendelea kuuma. Na dume aliyekwisha kupanda majike kwa misimu kadhaa anaweza kubaki na tabia kidogo za udume hata baada ya homoni kuisha. Kuhasi kunaondoa msukumo. Mazoea unayaondoa mwenyewe kwa kazi ya kila siku.

Kinachorithiwa na kinachobaki nyikani

Nilimpenda Vumbi kwa mambo matatu: rangi, kwato na akili ya kutazama kabla ya kukurupuka. Nilipoamua kumzalisha nilitaka yote matatu yaendelee. Moja tu lilikuwa mikononi mwangu, na hata hilo kwa nusu.

Rangi yake ni ya vumbi, ndipo jina lilipotoka, yenye mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani na michirizi ya pundamilia miguuni. Rangi hiyo inatokana na jeni moja ya urithi yenye nguvu: nakala moja inatosha kuonekana. Dume mwenye nakala mbili atatoa watoto wa rangi hiyo wote. Mwenye moja, kila mtoto ana nafasi sawa ya kuipata au kuikosa. Unang'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, unazipeleka maabara ya vinasaba ya chuo kikuu kama UC Davis, wanakwambia. Vumbi ana moja. Mtoto wake wa kwanza alitoka na rangi ya baba, wa pili akatoka kahawia wa kawaida mwenye miguu myeusi.

Kwato zikanifundisha zaidi. Mama yake alikuja na kwato kama jiwe la kusagia. Watu wa huku wanaposifu mustangi husifu kwato kwanza: farasi wa kwenda popote bila viatu vya chuma. Basi nikangoja kwato hizo kwa mwanawe. Vumbi alikulia kwenye majani laini yanayomwagiliwa maji, anatembea mita chache kutoka maji hadi chakula. Kwato zake zikapanuka, zikapasuka pembeni, na fundi wa kwato huja kila wiki sita mpaka leo. Mama yake alikuwa ametembea juu ya mawe ya volkano kila siku ya maisha yake, kilomita nyingi kati ya maji na malisho. Umbo alilorithi mtoto ni zuri, lakini ugumu ule ulitengenezwa na mwendo. Huwezi kuuweka kwenye mbegu.

Na akili? Hiyo sehemu ni ya damu, sehemu ni ya malezi, na malezi ya mtoto wa farasi hufanywa na mama. Vumbi alimtazama mama yake akisimama, akinusa, akiamua. Watoto wa Vumbi walimtazama jike wa jirani aliyeruka kila mfuko wa plastiki ulipopeperuka. Wakaruka naye. Nilikuwa nimetumia muda wote kumchagua dume, wala sikumchagua jike, nilimchukua aliyekuwepo. Mfugaji yeyote mzoefu angenicheka. Dume unamwona kila siku ndiyo maana unamfikiria yeye, lakini nusu ya damu na karibu malezi yote ni ya mama.

Kuna jambo jingine. Kule nyikani wanaochagua ni ukame, theluji, simba wa milimani na madume wengine. Farasi mwenye meno mabaya au miguu mibovu haachi watoto wengi. Kwangu anayechagua ni mimi, na mimi nachagua kwa mapenzi. Kizazi kimoja hakiharibu kitu. Vizazi vinne vya mapenzi vinatoa farasi mwingine kabisa mwenye jina la mustangi. Tazama kilichowapata Quarter Horse, farasi wa kufugwa wa Kimarekani: dume mmoja aliyeitwa Impressive alipendwa mno kwa misuli yake, akazalishwa sana, na ugonjwa wa kurithi wa misuli uitwao HYPP ukasambaa pamoja na uzuri wake. Mustangi wamekwepa mikasa ya namna hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwapangia ndoa.

Sisi watu wa pwani tunayo hadithi yetu ya farasi na Wamarekani. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, liliondoka Zanzibar likafika New York, na miongoni mwa zawadi kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Van Buren. Rais hakuruhusiwa kuzipokea kwa ajili yake mwenyewe. Farasi wakaishia kuuzwa. Naikumbuka kila mtu anaponiuliza nasaba ya Vumbi. Farasi wa Kiarabu unamnunua na majina ya mababu zake. Mustangi unamnunua yeye mwenyewe, basi.

Kazi ya kuzalisha, kama bado unataka

Jike hubeba mimba siku 340 hivi, yaani miezi kumi na moja. Joto lake huja mwanga wa mchana unaporefuka, kila baada ya siku 21 hivi, na hudumu kama siku tano hadi saba. Unaweza kuwaachia malishoni pamoja, kama nyikani, na hapo unakubali mateke. Unaweza kuwashika wote wawili kwa kamba, na hapo unahitaji msaidizi asiyeogopa. Au uhimilishaji: dume anafundishwa kupanda gogo lililofunikwa, mbegu zinapozwa na kusafirishwa, zinafaa kwa siku moja au mbili.

Kabla ya lolote kati ya hayo, vipimo. Kuna virusi ambavyo dume hubeba kwenye mbegu kwa miaka bila dalili na vinaweza kumharibia jike mimba. Kuna bakteria wa njia ya uzazi. Kuna upungufu wa damu wa kuambukiza ambao farasi wengi hapa hupimwa hata kwa safari ya kawaida. Mwenye jike mwenye busara atakuomba karatasi. Nawe umwombe zake.

Siku ya 14 hadi 16 baada ya kupandwa, daktari wa mifugo huangalia kwa ultrasaundi. Usiiruke hiyo. Kwetu mapacha ni neema, kwa farasi ni hatari: mara nyingi mimba hutoka, au wote wawili huzaliwa dhaifu, na mama anaweza kufa pamoja nao. Wakionekana mapema daktari anaweza kuondoa mmoja. Baadaye kuna chanjo za miezi ya tano, saba na tisa dhidi ya virusi vinavyotoa mimba, na kuna usiku wa kukesha, kwa sababu majike wengi huzaa usiku, tena hungoja uende kunywa chai. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, kondo litoke ndani ya tatu. Likichelewa, piga simu, usingoje asubuhi.

Mtoto wa kwanza wa Vumbi nilimuuza akiwa na miaka miwili kwa pesa zisizolipa nyasi alizokula, sembuse daktari. Sikulalamika, maana nilimpeleka pazuri. Wa pili hakupata mnunuzi. Bado yuko hapa.

Kumhasi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kazi yenyewe ni fupi. Wengi huhasiwa kati ya miezi sita na miaka miwili, pumbu zote mbili zikiwa zimeshuka. Ikiwa moja imebaki tumboni, ni upasuaji mkubwa zaidi, wala usimwache kwa kudhani ile moja haifanyi kazi, maana homoni inatoka vilevile. Daktari humlaza kwa dawa au humfanyia akiwa amesimama. Baadaye kuna uvimbe, na dawa yake kubwa ni kumtembeza kila siku. Akisimama tu zizini atavimba zaidi. Kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo damu na uvimbe vinavyoongezeka.

Kosa la kawaida ni kumrudisha kwa majike wiki ileile. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado ziko njiani. Mtenge angalau mwezi mmoja. Daktari wangu alisema miwili.

Na kama roho inakusuta, iko njia ya katikati: vuna mbegu zake, zigandishwe kwenye nitrojeni, kisha umhasi. Zinakaa miaka mingi. Si kila dume mbegu zake hustahimili kugandishwa, na kuhifadhi kunalipiwa mwaka hadi mwaka. Mimi sikufanya hivyo, lakini kwa dume wa ukoo adimu ningefanya.

Mtoto wake, au mwingine kutoka mazizini?

Hili ndilo swali ambalo wenye madume hulikwepa. Ukitaka farasi wa pili aliye kama wa kwanza, si lazima umzae. Miaka hii ya karibuni serikali imehesabu zaidi ya farasi na punda 70,000 nyikani, ilhali yenyewe inakadiria kwamba ardhi inawatosha 25,500 hivi, na zaidi ya 60,000 wengine wako kwenye mazizi na malisho ya kulipiwa wakingoja. Ada ya kumchukua ambaye hajafunzwa huanzia dola 125. Uwe na miaka 18, uwe na zizi lisilopungua futi za mraba 400 kwa kila mnyama, na kibanda cha kumkinga. Ukiogopa farasi mbichi, wapo waliofunzwa na wafungwa katika baadhi ya magereza. Huyo anakuja na kwato zilizokwisha kutembea, na alama shingoni.

Mtoto wa dume wako anakuja na miezi kumi na moja ya kungoja, halafu miaka mitatu kabla hajapandwa. Ana sura ya baba, pengine.

Kwa hiyo nani namshauri azalishe? Mwenye dume wa ukoo unaojulikana na mdogo. Chukua Kiger wa Oregon: mwaka 1977 watu wa BLM walikusanya farasi kule Beatys Butte, wakaona kundi lenye rangi ya vumbi na alama za kale za farasi wa Kihispania, wakawatenga na kuwaweka katika maeneo mawili karibu na Steens Mountain. Makundi ni madogo, na wafugaji wanaotunza damu hiyo nje ya nyika wana hoja. Vivyo hivyo wanaofuga mustangi wa Kihispania, wenye daftari lao tangu 1957 lililoanzishwa na Robert Brislawn wa Wyoming. Hao wana majike waliochaguliwa, wana vitabu, na wanunuzi hujiandikisha kabla mtoto hajazaliwa. Kama una hayo matatu, na uzio, na mtu mzima mwingine nyumbani anayeweza kumshika dume siku unaumwa, muache na udume wake. Ukipungukiwa na moja, fikiri tena. Ukipungukiwa na mawili, mpigie daktari simu.

Mimi nilipungukiwa na yote isipokuwa uzio. Vumbi alihasiwa masika aliyotimiza miaka saba. Nikangoja miezi miwili kamili, nikafungua lango lililomtenga na mama yake tangu utotoni. Nilisimama na kamba mkononi nikitarajia vurugu. Akamwendea mbio, shingo imepinda kama bado ni bwana mkubwa. Mama akamng'ata begani mara moja, akarudi kwenye nyasi zake. Vumbi akasimama kidogo, kisha akasogea pembeni mwake, kichwa chake kwenye mkia wa mama, mkia wake kwenye uso wa mama, wakafukuziana nzi mpaka jua likazama.